Noah ya marehemu Haji: bima, ruhusa ya aliyekufa na miezi mitano ya kungoja

Simu ilinifikia siku ya nne baada ya mazishi. Kijana mkubwa wa Haji, ambaye tulizoea kuonana dukani kwa baba yake mtaa wa Oli hapa Arua, Uganda, aliniuliza swali la nusu dakika: "Kaka, ile bima ya Noah bado iko hai, au imekufa na mzee?" Nilikuwa kwenye foleni ya benki. Nikamjibu, "Iko hai mpaka Februari. Acheni kwanza matanga yaishe, tutazungumza."

Nusu ya jibu lile ilikuwa kweli. Nusu ya pili, ile niliyoimeza kwa haraka ya foleni, ndiyo iliyoihangaisha familia miezi mitano. Nakiandika kisa hiki kwa sababu mimi ndiye ajenti niliyemkatia Haji bima ile miaka sita mfululizo, na kwa sababu tangu hapo nimeulizwa swali lile lile na watu wengi, tena mara nyingi wakiwa bado kwenye mkeka wa msiba.

Noah, lile gari la Haji, ilikuwa na karatasi mbili za bima. Ya kwanza ni thadi pati, ile ambayo askari wa barabarani huiulizia. Kwa Uganda thadi pati hulipia mwili wa mtu tu, yaani kuumia au kifo cha mtu wa nje. Hailipii ukuta, wala gari la mwenzako, wala lako. Na kiwango chake cha kisheria ni kidogo: shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja, milioni 10 kwa ajali nzima hata wakiumia watu hamsini. Sheria yenyewe ni ya 1989, na fedha za wakati ule si fedha za leo. Karatasi ya pili ni bima kubwa, ambayo Haji aliilipia kwa hiari yake, na ambayo ilibeba gari lenyewe, mali ya watu wengine litakayoiharibu, na gharama za majeruhi zinazozidi kiwango cha thadi pati. Haji alikuwa mtu wa tahadhari. Hakuwahi kudai hata kioo.

Siku ya tisa baada ya kifo, mpwa wake aliwarudisha Koboko wazee watano waliokuja kuzika. Huyu mpwa, mtoto wa dada yake Haji, ndiye aliyekuwa akimwendesha mjomba wake tangu kisukari kilipoanza kumla macho, na hilo lilikuwa kwa mwaka wa pili sasa. Mtaani hakuna aliyemwona Haji akishika usukani kipindi hicho. Wakati wa kurudi, jua limeshazama, alimkwepa mbuzi, akagonga bodaboda, na Noah ikaenda kusimama ndani ya kibanda cha rolex, ile chapati ya mayai. Mwendesha boda alivunjika mguu chini ya goti. Kibanda kililala chini chote. Mwenye kibanda, mama mmoja mtulivu ajabu, nilimkuta kesho yake akiokota vipande vya trei na kuhesabu mayai yaliyobaki mazima. Yalikuwa matatu. Aliniambia, "Haya matatu nitayakaanga leo. Mengine nani atanilipa?"

Familia ilifanya yale ambayo watu wastaarabu hufanya. Walimpeleka kijana wa boda hospitali na kulipa kwa fedha za rambirambi, wakampa mama wa kibanda kitu cha kuanzia, kisha wakaniletea ripoti ya polisi na picha za gari. Nikajaza fomu ya madai. Kwenye nafasi ya jina la mwenye bima nikaandika jina la Haji, na mbele yake neno "marehemu". Neno hilo lilisafiri mpaka Kampala, na baada ya wiki tatu barua ikarudi. Dai limekataliwa kwa sababu tatu.

Kwanza, dereva hakuwa na ruhusa ya mwenye bima, kwa kuwa mwenye bima alikuwa amefariki na maiti haitoi ruhusa. Pili, kampuni haikuarifiwa juu ya kifo, nacho ni badiliko kubwa katika mkataba. Tatu, hakuna mtu mwenye mamlaka ya kisheria ya kudai kwa niaba ya marehemu.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika kwa sababu zote tatu kwa pamoja, na hasira ya namna hiyo haina faida. Wakili tuliyempata, kijana wa hapahapa mjini, alizitenganisha kama mtu anayechambua mchele.

Sababu ya ruhusa ndiyo iliyonivutia zaidi, na nitakaa nayo kidogo. Hati ya bima ilisema kwamba dereva anayekubalika ni mwenye bima au mtu yeyote anayeendesha kwa amri yake au kwa ruhusa yake. Sasa je, ruhusa ni pumzi, kwamba mtu akikata roho nayo inakatika? Au ni kitu ambacho kikishatolewa kinabaki mpaka mwenye haki akiondoe? Swali hili si geni. Mwaka 1964 lilifika House of Lords, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, katika shauri la Kelly dhidi ya Cornhill Insurance. Baba wa Kiskoti alikuwa amekata bima ya gari na kumruhusu mwanawe aliendeshe. Baba akafa, mwana akaendelea kuendesha, akapata ajali ndani ya muda ule ule wa bima. Majaji waliamua kwamba ruhusa haikufa na baba, na kampuni ikabaki na wajibu wake. Hukumu za Uingereza za zama hizo haziwafungi majaji wa Uganda, lakini husikilizwa kwa heshima, na wakili aliyezisoma anaweza kumfanya wakili wa kampuni akohoe. Wa kwetu aliiambatisha kwenye barua yake ya kujibu. Kwa upande wetu tuliweka maelezo ya majirani watatu kwamba mpwa alikuwa dereva wa Haji kwa miaka miwili, pamoja na karatasi ya kliniki ya macho yenye sahihi yake kama msindikizaji. Karatasi ile ya kliniki naiona ilifanya kazi kuliko majaji wa London.

Hebu fikiria ingekuwa kijana mwingine, aliyeshika ufunguo kwa mara ya kwanza msibani kwa sababu gari lipo na mzee hayupo. Huyo Kelly asingemsaidia, kwa kuwa hakuna ruhusa aliyowahi kupewa akiwa mzee hai. Wala mjane asingeweza kumpa mahali pa mumewe, kwa sababu siku ya tisa mjane bado hakuwa na mamlaka yoyote juu ya gari lile machoni pa sheria.

Sababu ya pili iliporomoka kwa njia ambayo sikuitarajia. Wakili aliniuliza kama kuna mtu yeyote wa kampuni aliyejua kifo kabla ya ajali. Nikasema hapana. Akaniangalia. "Na wewe je?" Nikakumbuka simu ya foleni ya benki. Mimi ni ajenti wao, nina kitambulisho chao, na kijana wa Haji aliniarifu siku ya nne. Niliandika maelezo, nikayatia sahihi, na ndani yake nikakiri kwamba nilijulishwa na sikupeleka habari mbele. Meneja wangu hakufurahi. Alinipigia akauliza nilipata wapi mamlaka ya kupokea notisi, nami nikamuuliza kama ada za Haji za miaka sita nilizipokea kwa mamlaka gani. Hatukuelewana siku ile, ila barua yao iliyofuata haikuitaja tena sababu ya pili.

Ya tatu ndiyo iliyotukaba, na hapo lazima niseme kampuni ilikuwa na haki. Watu hupenda kusema kuwa bima inafuata gari. Siyo. Bima ni ahadi kati ya kampuni na mtu fulani, na mtu yule akifa ahadi inabaki imesimama ikingoja mtu wa kuidai. Mtu huyo hawi mkubwa wa ukoo kwa ukubwa wake, wala mke kwa ndoa yake, wala aliyeshika logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, kwa kuishika. Kama marehemu hakuacha wosia, ni yule aliyepewa na mahakama barua za usimamizi wa mirathi. Sheria ya Mirathi ya Uganda inasema wazi kwamba haki juu ya mali ya aliyekufa bila wosia haithibitiki mahakamani mpaka barua hizo zitoke. Zikishatoka, msimamizi anahesabiwa kama aliyeshika usimamizi tangu dakika ileile baada ya kifo. Kwa hiyo pengo linaweza kuzibwa kwa kurudi nyuma. Linachotaka ni karatasi.

Familia ilikuwa na karatasi, lakini nyingine. Walikuwa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa na wazee kumi na moja, na orodha ya warithi iliyoandikwa na sheikh kwa mwandiko mzuri sana. Zote zilikuwa za lazima au za maana kwa safari iliyokuwa mbele, ila hakuna hata moja ambayo kampuni ingeweza kulipia fedha juu yake na kulala usingizi.

Na hapo ndipo tulipoanza kupoteza muda kwa ujinga wetu. Kila mtu mjini alituambia hatua ya kwanza ni kwenda kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, ofisi ya serikali, kuchukua cheti cha kutokuwa na pingamizi, ndipo uende mahakamani. Tukakusanya: cheti cha kifo cha NIRA, mamlaka ya usajili wa watu, ambacho chenyewe kilitaka fomu ya hospitali, ambayo ilikuwa na herufi moja iliyokosewa kwenye jina la Haji, ambayo ilibidi irudi hospitali. Zikapita wiki sita. Wakili aliporudi kutoka safari yake Gulu akatufungulia Sheria ya Msimamizi Mkuu na kuweka kidole juu ya mstari mmoja. Sharti la kuthibitisha kuwa ofisi ile imekataa kusimamia, au kuipa notisi ya siku 14, linawahusu waombaji wengine. Aliyetajwa katika wosia, na mjane au mgane, pamoja na mwakilishi aliyempa mamlaka kwa maandishi, wamewekwa kando ya sharti hilo. Kijana mkubwa ndiye aliyekuwa akiomba kwa jina lake. Angeomba mama, tungekuwa tumeshafika. Na tangu marekebisho ya 2022, mwenzi aliyebaki ndiye anayetangulia wengine wote katika kupewa usimamizi.

Kwa nini mama hakuomba? Kwa sababu Hajati alikuwa kwenye eda. Miezi minne na siku kumi. Wanawe walimwonea haya hata kumpelekea kalamu. Shemeji yake, mdogo wa Haji, alisema mbele yangu kwamba si vizuri mwanamke aliyefiwa aonekane anakimbizana na gari kabla hajatoa nguo za eda. Wakili hakubishana naye juu ya dini. Alimwomba sheikh, na sheikh akasema haja ya mchana haikatazwi, na kama hataki kutoka basi ampe mtu wakala. Jioni ile tulikaa barazani, Hajati upande wa ndani wa pazia, tukasomewa hati ya uwakala kwa Kiswahili na Kinubi. Mkono ukatoka chini ya pazia, ukachukua kalamu, ukasaini pole pole jina lote. Kisha sauti ikauliza: "Na huyo mtoto wa boda, mguu wake umeunga?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Kijana mkubwa aliondoka kwenda kuuliza.

Mengine yalikwenda kwa mwendo wake wa kawaida: ombi Mahakama Kuu hapa Arua kwa kuwa mali ilikuwa na viwanja na duka, tangazo gazetini, siku 14 za kungoja mwenye pingamizi, tarehe ya kwanza ambayo jaji hakuwepo, tarehe ya pili ambayo alikuwepo. Haji alifariki Juni. Barua zilitoka Novemba.

Katikati ya kungoja kulitokea jambo ambalo nusura liharibu kila kitu. Shemeji alikumbuka kwamba Haji aliacha fomu ya transfa, yaani ya kuhamisha umiliki, ya Noah iliyosainiwa tayari, nafasi ya mnunuzi ikiwa tupu. Hii ni desturi mbaya ya magari Uganda, watu husaini fomu wazi na kuziweka kabatini kama akiba. Alikuwa na mteja wa Yumbe tayari. "Tuuze kabla halijaoza gereji, fedha tugawane, hiyo bima waachieni." Wakili alimweleza kwa upole kwamba kuigusa mali ya marehemu bila mamlaka ni kosa. Sheria inavumilia vitu vichache tu, kama kuilinda mali isiharibike, kugharimia mazishi na kukidhi mahitaji ya dharura ya familia. Safari ya kuwarudisha wazee wa Koboko inaweza kutetewa hapo, akasema, maana ni sehemu ya mazishi. Kuuza kwa sahihi ya mtu aliye kaburini hakuna pa kukutetea. Tena siku gari lingeuzwa, dai lingekufa lenyewe, kwa kuwa kampuni ingeuliza hasara ni ya nani sasa. Fomu ile Hajati aliagiza ichanwe, na ikachanwa.

Novemba tulipeleka barua za usimamizi, na pamoja nazo lalamiko tulilokuwa tumeshaliandika kwa kitengo cha malalamiko cha Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, ambayo iko Nakasero, Kampala. Huduma ile haitaki wakili wala ada kubwa, na kwa kweli sijui kwa nini watu wanaogopa kuitumia. Hatukulazimika kuifikisha mbali. Kampuni iliita kikao, tukakaa saa mbili, wakakubali kulipa matengenezo ya Noah baada ya kutoa ile sehemu ambayo mwenye bima hubeba mwenyewe, na kibanda cha rolex chote. Kwa mguu wa kijana wa boda walirudisha shilingi milioni 1 ya thadi pati, na kilichozidi kikaingia kwenye bima kubwa. Walikataa kulipia miezi mitano ambayo gari lilikaa gereji bila kufanya kazi, na hati kweli haikuwa na kifungu cha hilo.

Kulikuwa na mzozo mmoja wa mwisho, nao ulikuwa juu ya jina. Bima ilikuwa imebakiza miezi mitatu. Kampuni ilikuwa tayari kuihamisha kwa kiambatisho cha ukurasa mmoja, bila kukata bima mpya na bila familia kulipa tena ushuru wa stempu, ambao ni shilingi 35,000 kwa hati mpya. Kijana mkubwa alitaka liandikwe jina lake, kwa hoja kwamba gari ameshagawiwa yeye kwenye kikao cha ukoo. Mimi nilisisitiza liandikwe jina la mama, likifuatiwa na maneno "kama msimamizi wa mirathi ya marehemu". Kijana alidhani namnyima. Lakini logibuku bado ilikuwa na jina la baba yake, mgawanyo ulikuwa bado haujafanyika kisheria, na kama Noah ingeungua kesho yake, fedha zilipaswa kuingia kwenye mirathi, zigawanywe kwa wote. Na mgawanyo wenyewe ulikuwa na mahesabu mawili mezani: sheria ya 2022 inampa mwenzi asilimia 20 pale penye watoto, ilhali kwa hesabu ya sheikh mjane mwenye watoto ana thumni, asilimia 12 na nusu. Familia ilichagua njia yake, na hayo ni yao. Jina la mama kama msimamizi lilikuwa halimzuii yeyote, ila jina la kijana lingekuwa limeshaamua. Mama mwenyewe alikata maneno: "Andika mimi. Akishahamishiwa logibuku, atakata yake." Barua zina ukomo wa miaka miwili, kwa hiyo hana muda wa milele.

Kwenye kiambatisho tulitaja pia dereva kwa jina, mpwa. Safari hii ruhusa yake ikawa na sahihi ya mtu aliye hai.

Kama ningeipokea tena ile simu leo, ningetoka kwenye foleni. Ningemwambia kijana apige picha kibali cha mazishi au fomu ya hospitali, aandike mistari minne kwenda kwa kampuni: mwenye bima amefariki tarehe fulani, gari liko wapi, dereva wake wa kawaida ni nani, tunaomba jibu la maandishi kama bima inaendelea kwa faida ya mirathi mpaka msimamizi apatikane. Na ufunguo ukae kwa mama mpaka jibu lirudi. Wazee wa Koboko wangerudi kwa teksi ya abiria, nauli juu yangu. Wasijaribu kabisa kuvuka mpaka wa Vurra kwenda Ariwara, Kongo, na ile kadi ya njano ya COMESA ya marehemu, yaani bima ya kuvukia mipaka, kwa kuwa kadi hiyo inaning'inia juu ya bima ya nyumbani, na kama ya nyumbani ina shaka, upande wa Kongo hutapata hata mtu wa kubishana naye. Na muda ukiisha kabla ya barua za mahakama, asije mtu akaihuisha bima kubwa kwa jina la marehemu ati kwa sababu logibuku inasoma hivyo. Nimeona ajenti wenzangu wakifanya hivyo. Ada inapokewa, risiti inatoka, na siku ya ajali ndipo kampuni inagundua ilifanya mkataba na mtu ambaye hakuwepo.

Februari Hajati alikuja ofisini mwenyewe, eda imekwisha, amevaa gauni la kijani. Nikamfanyia hesabu ya mwaka mpya. Akaitazama, akaitazama tena, akaniuliza lile punguzo ambalo Haji alikuwa akipewa kila mwaka kwa kutodai limekwenda wapi. Nikamweleza kwamba lilikuwa la Haji mwenyewe, halirithiwi, na hata pasingekuwa na ajali tungeanza sifuri.

"Miaka sita bila kudai," akasema. "Wameizika naye?"

"Ndiyo, Hajati."

Akafungua mkoba, akaanza kuhesabu noti.